Rodi ya stajeni kwenye hori la Tudor

Fundi simu mmoja wa Kisauni, Mombasa, ameniandikia hivi juu ya kuvua hori la Tudor, ule mkono wa bahari uingiao bara, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo ami. Kaka yangu yuko Portland, Marekani, mwaka wa sita sasa. Hunitumia video akivua samaki anaitwa stajeni kwenye mto Columbia, na anasema mto huo hujaa na kupwa kama maji ya kwetu. Samaki ni mkubwa kuliko mtu. Mwezi wa kumi na mbili anakuja, na ameahidi kuniletea rodi mbili, rili na mazagazaga yake yote. Mimi huvua kwa mshipi wa mkono tu, upande wa Mikindani na mara nyingine chini ya daraja la Nyali, na nikipata chaa wanne nashukuru Mungu. Je, zana hizo zitafaa Tudor? Nitumie chambo gani? Na hapa kwetu yuko samaki kama huyo?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho maana ndilo jepesi. Stajeni hapa hayuko. Ni samaki wa upande wa kaskazini wa dunia peke yake: Amerika Kaskazini, Ulaya, Urusi, Bahari ya Kaspi, China. Ndiye mwenye yale mayai meusi wanayokula matajiri kwa kijiko kidogo. Huyo wa kaka yako ni stajeni mweupe, mkubwa kupita samaki wote wa mito ya Amerika Kaskazini. Wako waliopita mita 4, na anaweza kuishi miaka 100. Mimi nimemvua siku mbili tu maishani, mto Fraser kule Kanada, nilipokwenda kumwangalia binti yangu. Wa kwanza alinichukua dakika arubaini na mkono ukaniuma wiki nzima. Kisha tukamrudisha majini, maana pale hairuhusiwi kumchukua tangu 1994. Nilisimama kwenye ile boti nikiwaza: samaki wa kulisha harusi nzima, tunampungia mkono aende!

Zana za kaka yako zitafaa, ila lazima ujue zilitengenezwa kwa ajili ya nini, ndipo utajua cha kubadilisha. Stajeni mkubwa hana jino hata moja. Mdomo wake uko chini ya kichwa, kama wa samaki taa, na mbele ya mdomo ana masharubu manne yananing'inia. Anapita chini kabisa ya mto akipapasa matope. Macho yake hayamsaidii sana; anatafuta kwa harufu na kwa kugusa. Akikuta kitu cha kula, mdomo unamchomoka kama bomba na anakifyonza. Basi kila unachokiona kwenye zile video kimetoka hapo. Chambo lazima kilale chini, kinuke, kitulie. Kwa kuwa mto una mkondo mkali, chubwi, ule uzito wa kuzamisha chambo, ni zito. Kwa kuwa samaki mwenyewe ni mzito, uzi ni wa ratili 50 mpaka 80 na rodi ni nene kama mpini wa jembe.

Sasa jiulize, nani hapa kwetu anaishi maisha hayo ya chini, ya kunusa na kupapasa? Taa. Fumi, ambaye wengine humwita hongwe, na yeye ana masharubu vilevile. Mkunga. Halafu wako tewa na kungu, ambao wana macho na meno na tabia ya kuvizia, lakini nao chakula chao wanakitafuta karibu na chini, kwenye mawe na mizizi ya mikoko. Hao ndio stajeni wako. Chaa wale wanne unaowapata ni kwa sababu unatumia ndoana ndogo na kipande cha kamba wa baharini kilichoiva juani, mahali popote, saa yoyote.

Na hiyo saa yoyote ndiyo inayokuangusha.

Kaka yako akifika atakuzungumzia chambo mpaka usiku. Wavuvi wote wa rodi hupenda kuzungumza chambo, mimi pia. Lakini nilipokuwa Fraser, yule kijana mwenye boti kitu cha kwanza alichofungua asubuhi kilikuwa jedwali la maji. Chambo alikitoa mwisho kabisa, kama mtu anayetoa vitafunio. Nikajisemea huyu na marehemu babu yangu wangeelewana bila mkalimani.

Wewe una bahati, jedwali unalo ukutani. Chukua kalenda ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta maji ya bamvua, na nguvu yake hasa huja siku moja au mbili baadaye, yaani mwezi 2 na 3, kisha mwezi 16 na 17. Hapo maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukihesabu mpaka mwezi 9 au 23 utakuta mambo yamegeuka: maji hujaa karibu saa nne au saa tano na hupwa alasiri, tena hayaendi mbali. Hayo ndiyo maji mafu. Ukitaka dakika kamili, Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali lake kila mwaka. Ila kwa kupanga wiki yako, kalenda ya msikitini yatosha.

Kwa nini nasisitiza? Tudor ni kama chupa. Shingo yake iko hapo Nyali na Bandari ya Kale, tumbo lake liko Mikindani na Jomvu, na nyuma kabisa inamwaga mito ya Kombeni na Tsalu wakati wa mvua. Maji yote yanayojaza lile tumbo lazima yapite shingoni mara nne kwa siku, mawili yakiingia, mawili yakitoka. Katika saa sita za kupwa, ile saa ya tatu na ya nne peke yake huondoa karibu nusu ya maji yote. Jaribu kutupa mshipi chini ya daraja saa hizo wakati wa bamvua. Hata chubwi la gramu 300 halitulii, linaburuzwa mpaka linaswa kwenye mawe, na wewe unadhani umepata samaki. Na samaki mwenyewe hayuko hapo. Amejibanza nyuma ya nguzo, nyuma ya mwamba, kwenye shimo, anangoja mkondo upoe kama watu wanavyongoja mvua ipite kibarazani.

Kwa hiyo vua maji yanapokaribia kusimama: saa moja kabla na saa moja baada. Bamvua hukupa nafasi fupi, lakini samaki wakubwa hutembea sana siku hizo kwa sababu maji yamefunika matope yote ya mikokoni na kuwatoa kaa na kamba. Maji mafu hukupa nafasi ndefu na mkondo wa kistaarabu, na kwa mtu anayejifunza rodi mpya ndiyo siku za kuanzia. Upande wa Mikindani mimi napenda maji yanapoanza kupwa. Kila kijito kinachotoka mikokoni wakati huo kinakuwa mlango wa jikoni, na taa na kungu wanakaa nje ya mlango. Tupa chambo pale kijito kinapokutana na maji ya kina, usitupe katikati ya bahari kwa sababu tu rodi yako ina nguvu. Vijana wakipata rodi ya futi nane hutupa mbali mpaka wanawapita samaki wote kwa juu.

Sasa zana zenyewe. Rodi hizo zikubali zote mbili. Utaziona ngumu ukizoea mshipi wa mkono, ambao unausikia samaki kwenye kidole, lakini utashukuru siku taa wa kilo 20 atakapojibandika chini kama sahani kwenye meza yenye maji. Rili ndiyo yenye shaka. Kule Portland maji ni matamu, bahari iko mbali sana. Mto unajaa na kupwa kwa kusukumwa tu, bila chumvi. Rili nyingi za mtoni zina vyuma ndani ambavyo chumvi ya Kilindini itavila ndani ya mwezi mmoja. Mwambie kaka yako aulize dukani rili ya maji ya chumvi. Na hata hiyo, kila ukirudi nyumbani iminie maji matamu taratibu, usiipige kwa mpira wa maji wenye nguvu maana utaisukuma chumvi ndani, ikaushe, kisha tone la mafuta ya cherehani. Nimeona rili ya bei ya pikipiki ikigeuka jiwe kwa uvivu wa kikombe kimoja cha maji.

Uzi wa kusuka wa ratili 80 usiuweke wote. Ratili 40 au 50 zatosha Tudor, na wembamba wake unapunguza nguvu ya mkondo kuuvuta, kwa hiyo utahitaji chubwi dogo zaidi. Lakini uzi wa kusuka ukigusa chaza wa mikokoni au nguzo ya daraja unakatika kama uzi wa buibui. Mwishoni funga pima moja ya nailoni nene, ya ratili 60 hivi. Kaka yako hatumii waya kwa sababu samaki wake hana meno. Wewe hapa una mkunga, una mzia, una papa wadogo, na hao wataichanja hiyo nailoni. Siku unayovua usiku kwa chambo cha samaki, weka shibiri moja ya waya karibu na ndoana. Siku nyingine acha, maana kungu mkubwa akiona waya anaondoka.

Mtego wao wa chini ni mzuri kuliko wetu, hili nalikiri. Sisi hufunga chubwi mwisho na ndoana mbili tatu kando. Samaki akivuta anauvuta na uzito wote, anashtuka, anatema. Wao chubwi halifungwi kabisa. Linaning'inia kwenye kijibomba kinachopita juu ya uzi, chini yake kuna shanga, kisha kile kipete cha chuma kinachozunguka ili uzi usijisokote, kisha nailoni ya mkono mmoja au mmoja na nusu, kisha ndoana moja tu. Samaki akinyanyua chambo uzi unateleza ndani ya kijibomba na chubwi linabaki matopeni. Yeye hahisi kitu, wewe unahisi kila kitu. Hicho kijibomba si lazima kitoke Marekani. Kipande cha bomba la peni ya Bic na pini ya kuning'inizia funguo hufanya kazi ileile. Nimevua navyo miaka.

Machubwi kule hutumia ya wakia 8 mpaka 16, yaani karibu gramu 230 mpaka 450, yenye umbo la piramidi ili pembe zishike mchanga. Mwambie asijaze begi machubwi ya risasi, atalipia mzigo bure. Mikindani gramu 60 mpaka 120 zinatulia vizuri maji yakiwa mafu. Karibu na daraja na kwenye mawe ya Bandari ya Kale utapoteza machubwi mengi hata uwe nani, kwa hiyo tumia vitu visivyouma mfukoni: plagi kuukuu za gari, nati kubwa, hata jiwe lenye kiuno. Lifunge kwa uzi mwembamba, dhaifu kuliko uzi wako, ili likinasa likatike lenyewe na samaki abaki. Na kwa jina la Mungu usiyeyushe risasi ya betri kwenye jiko la mama yako. Ule moshi ni sumu, na watoto ndio unaowadhuru zaidi.

Ndoana chukua zile za duara, ncha inayogeukia ndani. Kaka yako atakuonyesha zisizo na kijino cha kuzuia, maana sheria ya kule inataka hivyo, samaki aachiliwe bila kuchanika. Zijaribu. Muhimu ni kwamba ndoana ya duara haitaki kupigwa. Sisi wa mshipi wa mkono tumefundishwa tukisikia tu, tuuvute mkono kama tunaokoa mtoto asianguke. Ukifanya hivyo kwa ndoana ya duara unaitoa mdomoni mwa samaki. Mwache aondoke nayo, uzi ukaze wenyewe, rodi iiname, ndipo uanze kuzungusha taratibu. Ndoana itamkamata pembeni mwa mdomo. Kujifunza kutofanya kitu kulinichukua mimi msimu mzima, na mke wangu atakwambia bado sijajifunza.

Haya, chambo.

Kule wanatumia kamba wadogo wanaowafyonza kwa pampu kutoka kwenye matope ya mdomo wa mto, wanatumia samaki wadogo wenye mafuta, wanatumia ngisi, minyoo, mayai ya samaki. Ukiangalia vizuri utaona ni vitu vya aina mbili tu: vinavyonuka na vinavyoishi pale pale samaki anapokula. Sheria hiyohiyo ihamishie kwetu.

Kamba ndiye mfalme wa Tudor, maana mikoko ndiyo nyumba yake ya kukulia na kila samaki wa horini amemla tangu utotoni. Lakini kamba wa sokoni aliyelala barafuni siku tatu ni maji matupu. Nunua kwa wavuvi wa vimia alfajiri, au kamata wako. Mchomeke kuanzia mkiani, ndoana itokee tumboni, kisha mzungushie uzi mwembamba wa kushonea mara tano sita ili asing'olewe. Tatizo la kamba ni wadogo: chaa, bunju na wengine watamng'onya kabla chubwi halijatulia. Ukihisi tik-tik-tik isiyokwisha, hao ni hao. Bunju akija juu muachie, na usithubutu kumpeleka nyumbani, sumu yake haipikiki ikaisha.

Mchana kwa hiyo mimi hutumia chambo kigumu. Mkono wa pweza uliopondwa kidogo ili utoe harufu, au ngisi aliyekatwa vipande virefu kama utepe. Wadogo wanachoka navyo, mkubwa anavimeza. Ngisi mzima mdogo kwa taa ni kama biriani.

Mkizi ni chambo changu cha usiku. Unajua msemo, hasira ya mkizi furaha ya mvuvi. Pale Mikindani maji yakijaa wanaruka wenyewe, na kimia kimoja kitakupa wa kutosha. Mkate minofu yenye ngozi, chomeka upande wa ngozi mara mbili, acha mkia wake upepee. Mafuta yake hutengeneza njia majini, fumi na papa wadogo huifuata mpaka mwisho. Samaki waitwao una na simu pia wana mafuta lakini ni laini. Wapake chumvi ya mawe, walaze usiku mmoja kwenye gazeti, asubuhi watakuwa wagumu kama ngozi. Kungu na kolekole wakubwa wanapenda kilicho hai: chaa mdogo, ndoana nyuma ya pezi la mgongoni, chubwi jepesi.

Kaa nilimpuuza miaka mingi. Siku moja nilifungua tumbo la tewa na kukuta magamba ya kaa tu, hakuna kingine. Tangu hapo kaa mdogo wa mikokoni, aliyevunjwa magando na kukatwa nusu, ndiyo chambo changu kwenye mawe. Taa naye humpenda. Kinakaa kwenye ndoana saa nzima. Vyambo vingine vyote badilisha kila nusu saa hata kama havijaguswa, maana maji yameshafyonza harufu na unachoning'iniza ni kitambaa.

Mashiko yao hayafanani. Fumi hugonga mara mbili tatu kama mgeni mlangoni, kisha huondoka. Kungu hagongi, anavunja mlango na kukimbilia mizizini, na hapo una sekunde mbili za kumgeuza au umempoteza. Taa utadhani umenasa. Uzi unakuwa mzito tu. Kisha jiwe linaanza kutembea. Stajeni naye ni hivyo hivyo, mwili wote ule lakini ncha ya rodi inatikisika kidogo kama imetuliwa na ndege.

Ukiwapata, angalia mikono yako. Fumi ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, na maumivu yake hulaza mtu mzima. Mshike kwa koleo au umkanyage kwa kiatu. Taa mwiba wake uko mkiani. Usimnyanyue kwa mkia, usimpite nyuma. Ukichomwa, weka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu, maumivu yatapungua, kisha nenda hospitali ukasafishwe jeraha. Na usitembee matopeni peku, chaza wa mikokoni wana makali kuliko wembe wa kinyozi. Taa jike mkubwa mwenye tumbo mimi humkatia uzi aende. Huzaa watoto wachache, na huzaa wakiwa hai. Kule wanasema stajeni jike huchukua miaka 15 na zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Waliwamaliza kwa kutojua hilo, sasa wanampima kila mmoja kwa tepu.

Kuna jambo moja ulilonificha, nami nimeliona kwenye maneno yako "chini ya daraja". Kama unakwenda kwa mtumbwi, soma hapa mara mbili. Mwaka 1994 nilitia nanga katikati ya mkondo pale Nyali, maji ya bamvua yakianza kupwa, na kwa ujinga kamba ya nanga nilikuwa nimeifunga tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, kwa sababu nilitaka kukaa nikitazama nyuma. Maji yalipokaza, nanga ilinasa kwenye mwamba. Tezi ikazama kidogo, maji yakaanza kuingia, na nikivuta kamba nazidi kuizamisha. Kisu kilikuwa chini ya nyavu. Nilikikuta maji yakiwa magotini. Nanga, kamba, na rodi ya kuazima ya shemeji yangu vyote viko pale mpaka leo, na shemeji bado ananikumbusha kila Idi.

Kule Fraser nimeona dawa yake. Kamba ya nanga wanaifunga boya kubwa, na boya linaunganishwa na omo, yaani mbele ya chombo, kwa kifundo kinachofunguka kwa mvuto mmoja. Mambo yakiharibika, au samaki mkubwa akikimbia, wanafungua, wanaacha nanga na boya vielee, wanarudi kuvichukua baadaye. Dumu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri linatosha kwa boya. Nanga siku zote omo, kisu siku zote kiunoni, na koti la kuelea livae, usilikalie. Katika mambo yote ya kaka yako hili ndilo ningemlipia nauli.

Mengine mafupi. Upande wa bahari, kuanzia Nyali kwenda Bamburi, kuna hifadhi ya bahari tangu 1986. Ndani ya mipaka ya mbuga huvui kabisa, na walinzi wake hawasikii hadithi. Kilindini karibu na magati na Mtongwe kwa wanamaji usisogee. Nenda ofisi ya BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ya karibu nawe uulize habari ya leseni kabla rodi hazijafika, kwa sababu mtu wa mshipi wa mkono hupita bila kuonekana lakini mwenye rodi mbili zinazong'aa huitwa. Na kule Mikindani kuna mahali maji machafu ya majumbani yanaingia horini. Utayajua kwa pua. Samaki wa hapo waache, na chaza wa hapo usionje.

Kaka yako basi mwambie alete: rili ya chumvi, ndoana za duara za ukubwa tatu tofauti, vipete, shanga, uzi wa kusuka wa ratili 50, na koti la kuelea moja la ziada. Risasi, pampu ya kamba na waya aache huko. Akifika, msubiri mwezi wa Kiislamu ufike tarehe 8 au 9. Wakati huo kaskazi inavuma, maji ya horini yako safi, na yatakuwa mafu. Maji yatajaa kama saa tatu na nusu, saa nne asubuhi. Tukutane Mikindani saa mbili unusu, tuwahi kutandika kabla hayajasimama. Kaa nitaleta mimi. Nyinyi njooni na ndoo ya maji matamu ya kuoshea rili.